Jinsi ya kufanya matabaka ya kompositi yashikane yawe kijazo kimoja

Kijazo cha jino cha kompositi, ile dawa ya kuzibia inayogandishwa kwa taa, kikivunjika, usikitupe kipande kilichotoka kabla hujakitazama chini ya kioo cha kukuzia. Pale kilipovunjika kwelikweli pataonekana pamekwaruzika, pana chembechembe. Lakini mara nyingi utakuta sehemu moja ni laini na inang'aa. Hapo hapakuvunjika, palibanduka. Matabaka mawili yalikuwa yamekaa pamoja mdomoni bila kushikana, na siku mgonjwa alipotafuna kitu kigumu yakaachana.

Ninafundisha vijana wanaoanza kuziba meno, na kipande cha namna hiyo ndicho huwawekea mezani siku ya kwanza. Wengi wanapofika hapa wameshajifunza vizuri jinsi ya kuishikisha kompositi kwenye enameli, yaani ganda gumu la nje la jino, na dentini iliyo chini yake. Wanajua asidi inakaa sekunde ngapi, wanajua bondi, ile resini ya majimaji ya kushikisha kompositi kwenye jino, inasuguliwa vipi. Kisha wakishaweka tabaka la kwanza wanalegea, kana kwamba kompositi juu ya kompositi itajishika yenyewe. Itajishika, ila kwa masharti, na masharti hayo yanavunjwa katika muda mfupi sana kati ya taa kuzimika na tabaka la pili kuwekwa.

Kinachoshikanisha ni ubichi

Kompositi ni unga wa kioo au silika uliochanganywa na resini. Resini ya Bis-GMA, ambayo Rafael Bowen aliipatia hataza Marekani mwaka 1962, bado imo katika kompositi nyingi tunazotumia, pamoja na ndugu zake wa jamii ya methakrileti. Molekuli zake zina vifungo pacha vya kaboni ambavyo vikifunguka hushikana na jirani. Kinachovifungua ni mwanga: ndani ya kompositi mna kamforikwinoni, ambayo hunyonya mwanga wa buluu, hasa karibu na nanomita 468, na kwa kushirikiana na amini huzaa radikali huru, yaani chembe zenye haraka ya kuungana na nyingine, zinazoanzisha mnyororo mzima.

Mnyororo huo haufiki mwisho. Hata ukimulika vizuri, kati ya nusu na robo tatu hivi ya vifungo pacha ndivyo hufunguka, vingine vinabaki vimekwama ndani ya kitu kilichokwisha kuwa kigumu. Juu kabisa, panapogusana na hewa, oksijeni huzinasa radikali kabla hazijafanya kazi, kwa hiyo panabaki utando mwembamba wa resini mbichi, makumi machache ya mikroni, unaong'aa na kunata ukiugusa kwa ncha ya kifaa. Utando huo ndio rafiki yako. Resini ya tabaka jipya inaingia ndani yake, inachanganyika nao, na taa ikiwaka vyote viwili vinagandishwa kwa pamoja. Kwenye mpaka huo hapana gundi yoyote. Ni mnyororo uleule unaoendelea.

Usiufute. Nimewaona wengi wakiupangusa kwa pamba yenye spiriti wakidhani ni uchafu, tena wakifanya hivyo kwa nia njema kabisa. Wala usihangaike sana pale ambapo utando haupo, kwa mfano mahali palipobanwa na ukanda wa plastiki wakati wa kumulika. Uso huo nao, ukiwa mpya na safi, bado una vifungo pacha vya kutosha chini yake kulipokea tabaka linalofuata. Cha kuzingatia ni vitu viwili: upya na usafi. Upya unapungua kadiri saa zinavyokwenda, kwa sababu radikali zilizonaswa zinakufa na vifungo vinaendelea kupungua. Usafi unaweza kupotea mara moja tu mgonjwa anapomeza mate.

Kabla hujafungua sirinji

Funga rabadamu, ile karatasi ya mpira inayolitenga jino na mate. Najua inachukua muda, najua wagonjwa wengine hawaipendi, lakini kwenye gego la chini, ulimi ukiwa upande mmoja na shavu upande mwingine, sijui njia nyingine ya kuaminika ya kuulinda uso wa kila tabaka hadi mwisho. Sanford Barnum aliibuni mwaka 1864, kabla hata ya kompositi kuwazwa, na mpaka leo haijapatikana mbadala wa kuifikia. Ikishindikana kabisa, basi pamba mpya kila zinapolowa, mfyonza mate chini ya ulimi, na msaidizi ambaye macho yake hayatoki kwenye jino.

Kompositi iliyotoka kwenye jokofu iache ifikie joto la chumba kwanza. Ikiwa baridi inakuwa nzito, haisambai vizuri juu ya tabaka la chini, na unyevu wa hewa huweza kuganda juu yake. Angalia pia tarehe ya mwisho ya matumizi, ya kompositi na ya bondi.

Kisha pima taa. Kama una radiomita, kifaa cha kupima nguvu ya mwanga, itumie kabla ya kazi. Taa ya miliwati 1,000 kwa sentimita mraba, ikimulika sekunde 20, inatoa jumla ya jouli 20 kwa sentimita mraba, kiasi kinachotosha tabaka la milimita 2 la kompositi nyingi za kawaida. Taa iliyochoka ikatoa 400 itahitaji muda zaidi ya mara mbili. Tazama ncha yake vilevile. Ukikuta tone la kompositi kavu limeng'ang'ania hapo, linazuia mwanga kila siku bila wewe kujua. Na kifuniko cha plastiki kikiwekwa kwa makunyanzi hupunguza mwanga, kwa hiyo kivute kikae bapa.

Taa kubwa ya kiti isogeze pembeni au iweke kichujio cha rangi ya chungwa. Mwanga wake unaanza kuigandisha kompositi ikiwa bado kwenye bamba. Ngozi ya juu inakuwa nzito, na ukiibandika jinoni hailowanishi uso wa chini. Hata utoe kiasi kidogo namna gani, kifunike.

Tabaka kwa tabaka

Tuchukue gego la kwanza la chini lenye tundu linaloanzia juu na kushuka ubavuni, kazi ambayo utaifanya mara nyingi kuliko zote. Asidi, suuza, bondi, taa: hayo nayapita, kwa kuwa unayajua. Ukanda wa chuma unaolizunguka jino umekaa, kabari inayoubana kati ya meno imebana vizuri, ufizi hautoi damu. Kama unatoa damu, simama hapo uushughulikie kwanza. Usiendelee ukitumaini itakauka.

Sakafu ya lile sanduku la ubavuni ndiyo mahali pagumu zaidi. Kutoka hapo mpaka ncha ya taa panaweza kuwa na milimita 6 au 7, na mwanga unadhoofika unaposafiri. Weka kompositi ya majimaji kidogo sana, isizidi nusu milimita, iburure kwa ncha ya kipima, kile kifaa chembamba cha kupapasia jino, hadi iingie kwenye kona zote, kisha mulika kwa sekunde 40 badala ya 20. Tabaka hili jembamba linaondoa mapovu ya hewa kwenye kona ambazo kompositi nzito isingefika. Lisiwe nene, maana kompositi ya majimaji husinyaa kuliko nzito.

Kusinyaa ndiyo sababu tunajenga kwa matabaka. Kompositi ya kawaida ikigandishwa hupoteza takriban asilimia 2 hadi 3 ya ujazo wake. Tundu lililozungukwa na kuta pande zote likijazwa kwa mara moja, kompositi inajivuta kutoka kuta zote kwa wakati mmoja na hakuna upande ulio huru wa kulegeza mvuto huo. Hapo ama inabanduka, ama inavuta ukuta wa jino mpaka mgonjwa akasikia maumivu anapotafuna. Kwa hiyo panga vipande vya mshazari, visivyozidi milimita 2, kila kimoja kikigusa ukuta mmoja na sakafu, au kuta mbili, lakini kisiunganishe ukuta wa shavuni na wa ulimini kwa pamoja. Tumia kipima chenye alama za milimita. Macho yanadanganya sana ndani ya tundu lenye kina. Ninapowaomba vijana wakadirie kabla ya kupima, karibu wote huona milimita 3 wakasema ni 2.

Hapa ndipo mkono unapohusika, nami nataka uutazame kwa karibu. Ukitumia bomba la kusukumia, zamisha ncha ndani ya kompositi na uiache imezama muda wote huku ukirudi nyuma polepole. Ukiitoa na kuiingiza tena, unafukia hewa. Kisha shindilia kwa kifaa chenye kichwa laini, ukibonyeza kutoka katikati kwenda pembeni. Bonyeza, usipake. Kupaka kunaivuta kompositi, na mara nyingi kipande kinanata kwenye chuma na kunyanyuka kidogo bila kuonekana. Juu kinaonekana kimekaa, chini pameachwa uwazi. Ukiona kifaa kinavuta, kitoe, kifute kwa shashi kavu, urudi.

Wengi hukilowesha kifaa ili kisinate. Kukilowesha kwa spiriti ni kosa, kwani spiriti inadhoofisha mpaka kati ya matabaka. Kutumia bondi ya chupa moja kama mafuta ya kifaa nako sikukubali. Bondi hizo zina maji na ethanoli au asetoni ndani yake, na huwezi kuzikausha zikishafunikwa na kompositi. Kama ni lazima, tumia resini ya kuchongea isiyo na kiyeyusho, kisha ifute kwenye shashi ibaki filamu tu juu ya chuma.

Vivyo hivyo, usipake bondi kati ya tabaka moja na jingine kama hakuna kilichogusa uso wa chini. Haihitajiki. Ikituama kwenye kona inabaki kama dimbwi dhaifu, na kwa kuwa bondi nyingi hazionekani kwenye eksirei, daktari mwingine miaka ijayo ataona mstari mweusi, adhani ni uozo, akakichimba kijazo kizima ambacho hakikuwa na neno.

Wakati wa kumulika, vaa miwani ya rangi ya chungwa ili uweze kutazama. Anayegeuza uso pembeni hajui ncha ya taa imehamia wapi. Isogeze karibu kadiri inavyowezekana bila kugusa, iwe wima juu ya tabaka. Ukiinamisha, ukuta wa jino utatia kivuli upande mmoja na upande huo hautaiva. Rangi nzito na zisizopitisha mwanga zinadai muda zaidi. Matabaka yote yakikamilika na ukanda wa chuma ukishatoka, mulika tena ubavuni, upande wa shavu na upande wa ulimi, kwa sababu ukanda ulikuwa umezuia mwanga usifike huko.

Uso ukichafuka

Haya ndiyo yanayoharibu kazi nyingi kuliko kasoro yoyote ya dawa, kwa hiyo nayaeleza moja baada ya jingine.

Mate yakifika kwenye tabaka ambalo limekwisha kugandishwa, usipulize hewa tu na kuendelea. Maji yatakauka, lakini protini za mate zitabaki kama utando usioonekana. Suuza kwa maji, kausha, paka bondi tabaka jembamba, ipulize, imulike, kisha endelea. Damu ni mbaya zaidi. Hapo mimi huupitia uso kwa bari (kichwa cha mashine ya kuchongea) ya almasi laini, naweka asidi ya fosfori kwa ajili ya kusafisha, nasuuza, nakausha, halafu bondi. Mate yakiingia kwenye kompositi ambayo bado haijamulikwa, iondoe yote. Hakuna namna ya kuiosha.

Glavu pia ni uchafu. Hata kama inaonekana safi, imegusa mdomo, imegusa taa, na nyingine zina poda. Ndiyo maana sikubali kompositi iviringwe vidoleni ili iwe kidonge, na sikubali mtu alisawazishe tabaka kwa ncha ya kidole. Ikitokea umegusa, lichukulie kama mate.

Mwambie mgonjwa mapema kitakachotokea. "Mama, nitakapowasha taa usifunge mdomo mpaka nikuambie, ukitaka kumeza, inua mkono wa kushoto." Ukishamwambia hivyo, unamwona akiinua mkono, msaidizi anafyonza, na kazi yako inabaki kavu. Maneno mawili haya yameniokolea matabaka mengi.

Ukichonga tabaka katika ziara ileile, labda kwa sababu liliziba nafasi ya linalofuata, utando mbichi umeondoka pamoja na unga. Suuza, kausha, paka bondi kidogo, mulika, endelea. Kwa kuwa kompositi ni mpya, mshikamano utakuwa mzuri.

Kuchanganya aina

Huulizwa sana kama kompositi ya kampuni moja inashika juu ya ya kampuni nyingine. Zote zikiwa za jamii ya methakrileti, ndiyo, na hata ya majimaji chini ya nzito, au ya nano, yenye chembe ndogo mno, juu ya ile ya kujaza milimita 4 kwa mara moja. Nyingi za majimaji za kujaza kwa wingi zinahitaji kufunikwa juu kwa kompositi nzito ili zihimili kutafuna, kwa hiyo soma maelekezo yake. Silorani, aina nyingine ya resini, ni habari nyingine. Kemia yake ya kugandishwa ni tofauti, na ukikutana na kijazo cha zamani cha aina hiyo, methakrileti haitaungana nacho kirahisi.

Mtego mwingine ni kompositi inayojigandisha yenyewe bila taa ikiwekwa juu ya bondi rahisi ya chupa moja. Bondi hizo zina tindikali, na tindikali iliyobaki juu yake inaidhoofisha amini inayotakiwa kuigandisha kompositi hiyo. Panabaki mpaka usioiva. Tumia kiamshi kinachoendana na bondi hiyo, au badili bondi. Usiweke kompositi juu ya saruji ya muda yenye eujenoli (kiini cha mafuta ya karafuu) pia, maana eujenoli inazuia resini kugandishwa. Na mgonjwa aliyetoka kung'arisha meno kwa peroksaidi asubiri wiki mbili, kwa kuwa oksijeni iliyonaswa ndani ya enameli inaharibu mshikamano.

Kurekebisha kijazo cha zamani

Kijazo cha miaka hakina utando mbichi, radikali zake zimekufa, kimenyonya maji. Huwezi kukitendea kama tabaka la dakika tano zilizopita. Lakini kukiondoa chote kwa sababu ya kona moja iliyomeguka ni kupoteza jino bure, kwa kuwa kila unapochimba unaondoka na sehemu ya jino iliyo nzima. Mimi hurekebisha kila nikiona sehemu iliyobaki imeshika na hakuna uozo chini yake.

Hapa unahitaji mashiko ya aina mbili. La kwanza ni la makwaruzo: kwaruza uso kwa bari ya almasi, au bora zaidi, upulize mchanga wa oksidi ya alumini wa mikroni 50, rabadamu ikiwa imefungwa, mfyonzo mkubwa ukiwa karibu, na macho ya mgonjwa yamefunikwa. Utaona mng'ao unapotea na uso unakuwa mfifio sawasawa. Pakibaki alama inayong'aa, rudia hapo. Weka asidi ya fosfori ya asilimia 35 hadi 37. Kwenye enameli inachonga vinyweleo, kwenye kompositi inasafisha tu, na usafi huo unatosha. Asidi ya hidrofloriki usiilete mdomoni, inaunguza vibaya.

La pili ni la kemia. Kukwaruza kumeanika chembe za kioo, na silani, kimiminika cha kuunganishia, ndiyo inayojua kushika kioo kwa mkono mmoja na resini kwa mkono mwingine. Ipake kwenye kompositi ya zamani, iache muda ulioandikwa kwenye chupa, mara nyingi kama dakika moja, kisha ikaushe kwa hewa. Silani iliyochanganywa tayari inapaswa kuwa angavu. Ikiwa na ukungu, imekwisha kuharibika, itupe. Zipo bondi zenye silani ndani yake, lakini kwenye chupa yenye tindikali silani haidumu, kwa hiyo bado napendelea kuipaka peke yake. Baada ya hapo bondi, taa, kompositi ya majimaji nyembamba ili iingie kwenye makwaruzo, taa, halafu jenga kama kawaida. Chonga pia ukingo wa enameli kwa mshazari ili sehemu mpya isishikilie kompositi ya zamani pekee.

Tabaka la juu

Utando mbichi ulioulinda muda wote sasa huuhitaji tena, kwa kuwa hakuna kitakachofuata. Ukibaki utashika rangi ya chai na kuchakaa haraka. Chonga umbo, kisha funika kijazo chote kwa jeli ya glisarini ili hewa isifike, mulika tena sekunde 20 kila upande, suuza. Angalia uumaji kwa karatasi ya rangi, rekebisha, halafu ng'arisha kwa maji na mkono mwepesi, kwa sababu joto la kusugua kwa nguvu linaweza kufungua mpaka uliokwisha kuushikisha. Ukimaliza, kausha na upitishe ncha ya kipima polepole kutoka enameli kwenda kwenye kijazo na kurudi, kuzunguka ukingo wote. Ikinasa upande mmoja tu, kuna ukingo uliozidi, uchonge. Ikinasa pande zote mbili, kuna mwanya: kwaruza hapo, asidi, suuza, bondi, kompositi ya majimaji, taa, kabla mgonjwa hajainuka kitini.